Bata wa Kinamasini na Bunduki ya Babu

3 Machi

Bisibisi, mpwa wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umesimama kwa miguu miwili, wala hujaning'inia kwenye lifti ya watu. Huku tunapumua. Mgongo unanisumbua nikiinama kuwanyoa wafupi, kwa hiyo siku hizi nawakalisha juu ya kreti la soda. Wananuna mwanzoni, lakini wakijiona warefu kwenye kioo wanatulia.

Mama yako hajambo. Mikate inatoka tanurini kama kawaida, ila siku hizi anaimba akikanda unga. Sauti yake ni ileile unayoijua, na wateja wanajikaza. Nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza kama ana neno la kukuambia. Akafikiri, akafuta mikono, akasema, "Mwambie mvua imenyesha." Tangu ugomvi wenu wa siku ya harusi yako, huo ndio ujumbe mrefu kuliko yote aliyokutumia, kwa hiyo uutunze.

Sasa jambo lenyewe. Bata bukini wamerudi kinamasini. Wanashuka kundi kwa kundi, wanakula ngano changa ya watu, na kelele zao ni za wajumbe wa mkutano walionyimwa chai. Mwaka huu nimeamua kuwawinda. Usicheke. Nimeishusha bunduki ya babu yako pale juu ya kioo cha saluni, ilikokaa tangu marehemu atuache. Kibali ninacho, kina jina langu na picha yangu, nimechana nywele vizuri. Tatizo ni kwamba bunduki yenyewe haifunguki. Ina mitutu miwili, ina nyundo mbili zilizosimama kama masikio ya punda, na kila ninachokivuta kinanitazama tu. Babu yako alikufundisha wewe, kitoto cha kike chenye mapengo, akaniacha mimi mwanawe wa kumzaa nikibeba kikapu. Sina kinyongo. Niambie tu inafunguliwaje.

Na usiniulize kwa nini nawinda. Mtu anaruhusiwa kutamani nyama.

Mjomba wako,
Kinyozi


17 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeisomea ndani ya lifti iliyogoma, mahali pekee mjini hapa ambapo mtu hasumbuliwi. Kazi ipo. Wiki hii nimemtoa wakili aliyekwama kati ya ghorofa mbili pamoja na mshtakiwa wake. Nilipopenyeza mtaimbo na kufungua mlango, mshtakiwa ndiye aliyekuwa akimpa wakili moyo. Mume wangu hajambo.

Bunduki. Chini ya mitutu, mbele kidogo ya vifyatulio, kuna mkono mdogo wa chuma. Usiuvute. Usukume upande wa kulia, mitutu itainama yenyewe kama mtu anayekuamkia. Kifyatulio cha mbele ni cha mtutu wa kulia, cha nyuma ni cha kushoto. Kimoja kwanza, halafu kingine. Ukivivuta vyote kwa pamoja utakwenda kumsalimia babu, na hatafurahi kukuona mapema hivyo.

Lakini kabla hujaweka risasi, mpelekee mtu anayejua bunduki aitazame. Ile bunduki ilikuwa kuukuu hata babu alipokuwa kijana.

Sasa nikuulize, maana umenikataza. Wewe huli ndege. Tangu ule mfupa wa kuku ulipokukaba ukageuka rangi mbele ya wageni, hata yai unalitazama kwa mashaka. Nyama gani unayoitamani? Na mama anaimba nyimbo gani?

Ukinijibu, tumia anwani ya karakana, nimeiandika nyuma ya bahasha. Sanduku la barua la nyumbani limeharibika kufuli.

Mpwa wako,
Bisibisi


2 Aprili

Bisibisi mwanangu, marahaba.

Unafungua milango iliyokwama angani, halafu kufuli la sanduku la barua limekushinda? Haya. Nimetumia anwani ya karakana kama ulivyotaka. Mama yako amenipa ujumbe mwingine. Amesema, "Mwambie mvua imekatika." Mnaendelea vizuri.

Nimekwenda kuwinda. Bunduki ilifunguka palepale uliposema, na ndani yake akatoka buibui mwenye heshima zake. Nikaweka risasi, nikavaa buti, nikajificha kwenye matete asubuhi, maji yamenifika mahali ambapo mwanamume hapendi maji baridi yafike. Nikasubiri. Mbele yangu, majini, nikawaona bata bukini wametulia, wanene, hawana habari. Nikakumbuka maneno yako kwamba kifyatulio cha mbele ni kimoja na cha nyuma ni kingine. Lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi, mpwa wangu, na vilikwenda pamoja.

Sijui nikuelezee vipi. Kitako cha bunduki kilinipiga bega kama mdai, nikarudi nyuma nikakaa kwenye tope mpaka kifuani, kofia ikaendelea na safari yake. Moshi ulipoondoka nikatazama. Bata walikuwa bado palepale. Hakuna hata mmoja aliyeruka. Nikasema, hawa ni viziwi au ni mashujaa? Ndipo mmoja akapinduka taratibu, nikaona tumbo lake. Ni mbao.

Kutoka kwenye matete ya upande wa pili sauti ikasema, "Kinyozi, hao ni wangu. Nimewachonga mwenyewe, wa kuwavutia wenzao."

Ni yule daktari wa mifugo. Alikuwa na bunduki yake mpya inayong'aa, na hakucheka, jambo lililonikera zaidi. Alinivuta kutoka topeni kwa mbinu ileile anayovutia ndama, akanikalisha mahali pakavu, akafungua mfuko wake akanipa kipande cha mkate wa mama yako, ule wa mdalasini, nikapata nguvu za kutembea mpaka nyumbani.

Bega limevimba. Kwa sasa ninanyoa kwa mkono mmoja, na wateja wanasali.

Mjomba wako


15 Aprili

Mjomba, shikamoo, na pole ya bega. Pole ya mkono pia, na wateja wako nao uwape pole.

Nimefurahi kusikia u mzima. Sasa nieleze jambo moja, polepole, kama unavyomweleza mtoto. Mama huuza mikate ya kawaida na ya ufuta. Ule wa mdalasini hauuzwi. Ule anauoka kwa ajili ya watu wa nyumbani tu, na hata wewe ukiutaka unaviziwa usichukue kipande cha pili. Mkate wa mdalasini ulifikaje kwenye mfuko wa daktari wa mifugo?

Huyo ndiye aliyemchoma sindano mbwa wangu. Nilikwenda shule mbwa yupo, nikarudi nikakuta bakuli lake limeoshwa. Alinipa pipi. Sijawahi kula pipi ya aina ile tena. Simchukii, ila nikisikia ana mkate wa mama yangu mfukoni, najisikia kama nimemkuta ndani ya shati la marehemu baba.

Jambo la pili ni zito zaidi, kwa hiyo usilirukie. Katika jengo moja ninalotengeneza lifti yake kuna mzee fundi wa bunduki. Nimemsimulia ya kwetu. Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Anauliza: chuma cha mitutu ni laini, rangi moja, au kina michirizi inayojipinda kama ya mbao iliyorandwa? Na chini ya mitutu, ukiitenganisha na kitako, kuna maandishi gani? Niandikie. Mpaka nikujibu, usiiguse.

Mpwa wako

Narudia, andika kwa anwani ya karakana.


4 Mei

Bisibisi, mpwa wangu mwenye pua ndefu,

Sisi wazima. Bega limepona, kreti la soda limevunjika, mfupi mmoja ameanguka lakini hakuwa na mahali mbali pa kuangukia.

Haya, umenibana. Nilikatazwa kukuambia, lakini aliyenikataza sasa ananiita majina mbele ya wateja, kwa hiyo hanidai siri tena. Daktari wa mifugo amemposa mama yako.

Alinijia saluni, kwa heshima, kofia mkononi. Akasema, "Kinyozi, wewe ndiye kaka yake. Nimekuja kwako." Sasa wewe fikiria. Saluni imejaa. Watu wote wameacha kusoma magazeti. Mimi niliyezoea kuulizwa "utaninyoa saa ngapi" leo naulizwa jambo la maana. Kichwa kikanivimba. Nikasema, "Mwanamume anayemtaka dada yangu lazima kwanza anishinde. Wa kwanza kuangusha bata bukini mwaka huu ndiye atakayesema ndoa ipo au haipo." Sijui niliyatoa wapi. Watu wakapiga makofi. Yeye akanitazama kwa huruma, akasema sawa.

Ndiyo hiyo nyama niliyoitamani.

Mama yako amezipata habari hizo wiki iliyopita, kutoka kwa mteja aliyekuja kununua mkate na kumpongeza. Alikuja saluni na unga mpaka viwikoni. Nilikuwa nimeshika wembe, na bado mimi ndiye niliyeogopa.

"Nimesikia mnanishindania kama mbuzi wa bahati nasibu," akasema.

"Dada, ilikuwa ni mzaha wa..."

"Bunduki ya baba iko wapi?"

"Dada..."

"Wa kwanza kuangusha bata ndiye mwenye neno, si ndivyo mlivyosema? Hamkusema lazima awe mwanamume. Nitamwangusha mimi, na nikimwangusha nitajioza mwenyewe. Au sitajioza. Nitawaambia siku hiyo."

Daktari akamwomba atumie bunduki yake mpya. Akakataa, akasema hawezi kushinda kwa bunduki ya mshindani. Atatumia ya baba yake. Amekuwa akijizoeza uani kwa fimbo ya kusukumia unga, na jirani ameanza kupitia njia nyingine. Tumepanga Jumamosi tarehe 20, yeye na mimi tu.

Kuhusu maswali ya mzee wako: ndiyo, chuma kina michirizi, inajipinda vizuri sana, kama nywele zilizosukwa. Maandishi yamelika, inaonekana tu alama ya taji na herufi moja. Mwambie ni bunduki nzuri. Ilinipiga mimi, haijampiga mtu mwingine.

Mama yako anasema nikuambie kuna upepo.

Mjomba wako


21 Mei, Jumapili

Mjomba,

Sisalimii. Kama upo, nisamehe. Kama hupo, sijui namwandikia nani.

Barua yako ya tarehe 4 nimeipata juzi Ijumaa jioni. Nilikuambia karakana, Mjomba. Nilikuambia mara mbili. Umeandika kwa mazoea, imekwenda nyumbani, ikakaa juu ya meza ya mume wangu chini ya gazeti la michezo mpaka alipokumbuka kumpa mlinzi aniletee. Usiniulize kwa nini ilihitaji kuletwa.

Jana asubuhi nikampelekea yule fundi wa bunduki. Aliposikia habari ya michirizi akavua miwani. Akasema mitutu ya namna hiyo ilisokotwa kwa vipande vya chuma, ikapondwa kwa nyundo mpaka ikashikana, na ilitengenezwa kwa baruti ya zamani ile ya moshi mwingi. Risasi za siku hizi zina nguvu kuliko chuma chenyewe. Kutu hula ndani, kwenye maungio, na nje panabaki pazuri. Nikamwambia imeshapigwa mara moja, mitutu yote kwa mpigo. Akasema, "Basi imeshalegea. Atakayepiga tena, itampasukia usoni." Nikasema ni mama yangu, ni leo.

Posta ya huko nilipiga, karani akasema atampa ujumbe mtu atakayepita. Simu nyingine ya upande wenu unajua iko wapi. Iko mezani kwa daktari wa mifugo.

Akapokea. "Ofisi ya mifugo. Kama ni kuzalisha, subirini, nina mmoja katikati."

Nikasema, "Ni binti wa mwokaji."

Akasema, "Hujambo, mwanangu?"

"Mimi si mwanao. Mama yuko wapi?"

"Ametoka na mjomba wako kwenda kinamasini. Amenikataza kuwafuata."

"Wafuate. Ile bunduki itapasuka. Usimwache apige."

Nilisikia simu ikigonga meza, mlango ukigonga ukuta, halafu ng'ombe. Ng'ombe peke yake, Mjomba, analia ndani ya sikio langu. Nilimsikiliza kwa muda mrefu, nikamwambia mambo ambayo sijamwambia mtu. Tangu hapo nikipiga simu inalia tu kwamba inatumika, kwa sababu hakuna aliyerudi kuikata.

Usiku sikulala. Mtu yeyote atakayeifungua barua hii, anijibu.

Bisibisi


22 Mei

Mpwa wangu,

Wote wazima. Naandika hilo kwanza kwa sababu najua ulivyo.

Daktari anasema amekupigia leo karakana, akakuambia "wazima," nawe ukasema "asante" ukakata. Hiyo asante ameshaizungusha mtaa mzima. Ameniuliza mimi mara kadhaa ilikuwa asante ya namna gani.

Sasa nikusimulie, maana yeye akisimulia anaanza na yule ng'ombe.

Mama yako alivaa buti zangu, akajifunga kitambaa kichwani, akaingia kwenye matete bila hata kusema "uu" maji yalipompanda. Mimi nikawa nyuma yake na kikapu. Hata uzeeni nabeba kikapu. Kundi likaja kutoka upande wa jua, likazunguka, likaanza kushuka, miguu imenyooshwa mbele. Alivuta nyundo mbili, moja baada ya nyingine, akaegemeza kitako kwenye bega, shavu likalala juu ya mbao. Alivyosimama, mpwa wangu, nilimwona baba yetu. Nikajua kabisa kwamba dada yangu atapiga na hatakosa.

Ndipo nyuma yetu kukatoka sauti. "Usipige! Usipigeee!"

Bata wote wakaruka. Kinamasi kizima kikasimama hewani. Mama yako akageuka na bunduki ikageuka naye, mimi nikalala kifudifudi kwenye maji kwa hiari yangu. Daktari alikuwa anakuja mbio, viatu hana, aproni ya mpira kifuani, glavu mpaka mabegani, na amepakaa vitu vya ng'ombe ambavyo sitavitaja.

"Wewe!" mama yako akapiga kelele. "Umenifukuzia bata! Uliogopa nitakukataa?"

Pumzi zilikuwa zimemwishia. Alitembea tu, moja kwa moja, mpaka mitutu ikamgusa kifuani. Akaiwekea mkono juu, akaisukuma pembeni taratibu, akazishusha nyundo kwa kidole gumba. Nilikuwa sijawahi kumwona akikimbia hivyo, hata siku ile fahali wa mchinjaji alipomkanyaga.

"Binti yako amepiga simu," akasema.

"Binti yangu? Kampigia nani?"

"Mimi."

"Wewe? Amesema nini?"

"Amesema yeye si mwanangu, na bunduki itapasuka."

Mama yako akafikiri. "Basi ni yeye kweli," akasema, akaiachia.

Mimi sikuamini, nawe unajua nilivyo na kichwa kigumu. Nikasema mimi nimeipiga mitutu yote miwili nikapona, hayo ni maneno ya mafundi wa mjini. Basi tukaifunga kwenye nguzo ya uzio kwa kamba, tukafunga uzi kwenye kifyatulio cha nyuma, tukajilaza nyuma ya tuta la mfereji. Mama yako ndiye aliyevuta. Alisema kama ni kupiga, lazima apige.

Mtutu wa kushoto ulifunguka kama ganda la ndizi. Kipande cha chuma kiliingia kwenye nguzo mpaka kikazama. Mama yako akaenda pale, akasimama karibu na nguzo, akaweka kiganja kwenye lile tundu, kisha akakirudisha kiganja kwenye shavu lake bila kukipandisha wala kukishusha. Palikuwa sawasawa. Akakaa chini kwenye nyasi, mzito, kama gunia lililokatwa kamba.

Tulifikiri anaogopa. Kumbe analia, na anachosema ni kimoja tu. "Amempigia yeye. Anavyomchukia, na bado amempigia yeye."

Alipomaliza akajifuta, akamtazama daktari kuanzia aproni mpaka miguuni. "Ng'ombe umemwacha na nani?"

"Peke yake."

"Katikati?"

"Katikati."

"Umemwacha ng'ombe katikati ukaja kwangu hivyo hivyo?"

"Ndiyo."

"Basi twende tukamalize. Nitakushikia kamba." Akanigeukia. "Na wewe kanyoe watu. Mimi naolewa."

Ndama ni jike. Simu waliikuta inaning'inia.

Mjomba wako, mwenye nusu ya bunduki


5 Juni

Mjomba, shikamoo. Leo nasalimia kwa mikono miwili.

Barua yako nimeisomea juu ya paa la lifti, katikati ya shimo, mahali ambapo kelele hazifiki. Nililia mpaka mama mmoja aliyekuwa ndani akauliza kama paa la jengo linavuja. Nikamwambia ndiyo, linavuja, tutalishughulikia.

Mpe mama pongezi zangu. Mpe na daktari, chache. Nitakuja harusini. Nina masharti, umsomee yote. Sitamwita baba. Nitamwita Daktari. Kiti cha baba pale dirishani asikikalie nikiwepo. Na siku moja, akiwa tayari, anieleze habari ya mbwa wangu, bila pipi.

Nitakuja peke yangu. Sasa nakuambia wewe, kwa sababu umekuwa muungwana hukuuliza. Sikai tena kwa mume wangu tangu mwanzoni mwa mwaka. Nina chumba nyuma ya karakana, kina dirisha na kitanda, na kelele za mota zinanibembeleza. Hakunipiga, usichukue wembe. Alikuwa tu ananiona kama nguo aliyoinunua akagundua haimkai, na kila siku alinieleza ni wapi haimkai. Nilichoka kusimama mbele ya kioo chake.

Mama aliyasema haya yote siku ya harusi, mbele ya watu, nikiwa nimevaa shela. Unamkumbuka alivyomwita? "Bwana Tai. Sijui ni tai ya shingoni au ni yule ndege." Nilimwambia hatanisikia tena mpaka aombe radhi. Sasa nitakujaje na kumwambia alikuwa sahihi? Afadhali nikwame kwenye lifti na mawakili wote wa mji huu.

Kwa hiyo usimwambie. Sema mume wangu ana kazi.

Bisibisi


20 Juni

Bisibisi mwanangu, marahaba ya mikono miwili.

Habari za hapa ni kelele. Harusi inakuja, mama yako anaoka keki yake mwenyewe kwa sababu hamwamini mwokaji mwingine yeyote, halafu anaionja na kujikosoa. Bata wameondoka wote, wamekwenda kula ngano ya watu wengine. Hakuna aliyemwangusha hata mmoja mwaka huu, isipokuwa mimi, na wangu walikuwa wa mbao.

Masharti yako nimemsomea daktari, amesimama kama anasomewa hukumu. Kuhusu jina amesema Daktari ni jina zuri, hata ng'ombe wake humwita hivyo. Kiti hatakikalia, amesema ana mgongo mbaya, anapenda stuli. Kuhusu mbwa alitazama chini. Akasema mbwa alikuwa na uvimbe tumboni, alikuwa anaumia, na mama yako ndiye aliyemwomba asubiri mpaka uende shule. Akaongeza kwamba pipi ndiyo kosa kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya kazini, na amewahi kumpa mbuzi dawa ya farasi.

Na ile siri yako. Naapa kwa wembe wangu sikufungua mdomo. Nilisema, "Anakuja peke yake, mumewe ana kazi." Mama yako alikuwa anapepeta unga. Hakuinua macho. Akaniomba bahasha. Si barua, bahasha tu. Akatazama anwani uliyoandika nyuma. Akaenda kabatini akatoa na zile nyingine zote, kumbe amekuwa akiziokota kwenye pipa langu la nywele tangu Machi, akazipanga mezani. Zote karakana. Akazitazama sana, unga unadondoka sakafuni.

Sasa yuko hapa ananinyang'anya kalamu. Kalamu yangu, na kipande hiki cha karatasi, na bado nina mengi ya kukueleza, pamoja na habari za mfupi aliyean

*Mjomba wako anaandika sana. Harusi ni Jumamosi ya pili ya Julai.*

*Kuhusu yule bwana sitasema neno. Ile siku nilisema mengi, na mbele ya watu, na ulikuwa umependeza. Hilo ndilo nililotakiwa kusema.*

*Usije na begi la siku mbili. Njoo na nguo zako zote.*

*Mama*